Jogoo wa Mwenye Programu

Zamani niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba programu ya bure ina mwenyewe huko Ulaya, na kwamba ukiitumia misimu mitatu bila kwenda kumshukuru, huja kuvuna kila ulichoandika ndani yake. Habari hii nilipewa na fundi redio mmoja wa Nachingwea, mtu ambaye hajawahi kukosea katika jambo lolote, isipokuwa redio.

Msinicheke upesi. Kwetu Nambambo, ukiazimwa shamba unalima ufuta, unalima mahindi, lakini mkorosho hupandi, maana mti hubaki na shamba, na shamba lina mwenyewe. Ukivuna, unampelekea jogoo. Akimpokea, lima tena. Akimrudisha, funga virago. Baba yangu, Mzee Saidi, alipokuja kutoka Msumbiji akiwa kijana, hakuyajua hayo. Alipanda mikorosho arobaini kwenye shamba aliloambiwa halina mwenyewe; kumbe ni la kuazima, mwenyewe akaja, naye akaiacha yote ikiwa na maua. Mpaka leo hapiti njia ile.

Mimi sasa, msomi wa ukoo, nilikuwa nimepanda msitu. Baba alikuwa na daftari la miaka thelathini: mvua ilianza lini, mikorosho ilichanua lini, mti upi ulipatwa na ugonjwa wa ubwiri unga na upi ulipona. Nililichapa lote kwenye tovuti ya kikundi chetu cha wakulima, iliyotengenezwa kwa programu hiyo ya bure, kwa kidole kimoja, katika duka la intaneti lenye joto la kuivishia mihogo. Nilipomaliza, mchwa wakalila daftari. Walianza na jalada, wakamalizia mwaka wa njaa, bila shaka kwa kuona huruma. Kwa hiyo miaka thelathini ya baba yangu ilibaki kwenye tovuti tu, na msimu wa tatu ulikuwa unakaribia.

Ndipo tangazo likaja: mkutano wa watumiaji wa programu huria, zile za bure, za kutengenezea tovuti, Ruangwa, siku mbili, chakula kipo.

"Nenda ukamwone mwenyewe," baba aliniambia. "Mpe jogoo huyu. Usibishane naye, na usijitie kusoma sana."

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa Nachingwea mjini, juu ya lori la kwenda kuchukua ufuta. Jogoo nilimpakata.

"Na huyo anakwenda wapi?" aliuliza utingo.

"Mkutanoni."

"Amealikwa?"

"Kuliko wewe."

Barabara ya Ruangwa miaka ile ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na mashimo yote ambayo nchi hii imewahi kuchimba, yamekusanywa mahali pamoja ili wageni wasisumbuke kuyatafuta. Tulipofika nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi soksi. Jogoo peke yake ndiye aliyefanana na mjumbe wa mkutano.

Saa nne, ukumbini. Tangazo lilisema wadau watatoka kila pembe ya dunia. Pembe zenyewe zilikuwa Nandagala, Chinongwe na mimi. Tulikuwa watu kumi na mmoja, kompyuta nne, na jenereta iliyonguruma kama inapanda mlima. Mwezeshaji, kijana kutoka Dar, alivaa fulana yenye maneno mengi kuliko daftari la baba lililoliwa na mchwa.

Nilisimama, nikajitambulisha, nikasema kwa heshima: "Ningependa kuonyeshwa mwenye programu, nimkabidhi jogoo wake."

Ukumbi ulicheka mpaka jenereta ikazimika. Mwezeshaji akanishika bega. "Kaka, hii kitu haina mwenyewe. Ni ya jumuiya. Ni yetu wote, unanipata?"

Sikumpata. Shamba zuri vile, lenye rutuba, halina mwenyewe? Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa baba kabla ya mikorosho arobaini. Mwezeshaji alieleza kwa saa nzima, akichora mishale ubaoni kama vita vinapangwa, na kila mshale ulizidi kunitia hofu. Jogoo nilimfunga kwenye mguu wa meza ya printa, akawa anawika kila mtu aliposema "jumuiya".

Mchana walinikalisha mbele ya kompyuta nisaidie kurekebisha Kiswahili cha programu ile. Na kweli kilihitaji msaada. Aliyekiandika alikuwa amekila Kiswahili kwa uma na kisu. Nilinyoosha sentensi tatu. Mwalimu Sikudhani, mama wa Chinongwe anayefundisha kompyuta, alibonyeza mahali, akasema, "Tayari. Imekwenda kwa wenzetu, wataitumia."

"Imekwenda bila kuomba ruhusa?"

"Ruhusa ya nani, kaka yangu?"

Nilikuja kuokoa msitu wa kwanza, na sasa nilikuwa nimepanda mikorosho mitatu mingine.

Siku ya pili nilizunguka na jogoo wangu kwa kila mtu mwenye miwani, maana mwenye mali hujificha. Hakuna aliyempokea. Mpishi peke yake alimtazama kwa mapenzi, lakini aliponiambia hajui hata kuwasha kompyuta, nikamnyima.

Alasiri tukarudi, mimi, jogoo na Mwalimu Sikudhani, aliyekuwa anakwenda kumwona dada yake Nachingwea. Njiani nilimweleza habari zote: shamba la kuazima, mikorosho arobaini, mchwa. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema, "Basi nipeleke kwa mzee kwanza."

Tulipofika Nambambo, baba alikuwa uani anapepeta ufuta. Hakututazama sisi. Alimtazama jogoo. Ungo ukashuka polepole mpaka chini.

"Amerudishwa," alisema.

"Baba, si hivyo..."

"Jogoo amerudi, unaniambia si hivyo?" Akakaa kwenye kigoda, mzee mzima. "Yote? Hata mwaka uliozaliwa wewe?"

Msomi nikamtua jogoo chini. Cheti cha jioni hakina somo la kumjibu baba.

Mwalimu Sikudhani akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa mwenye programu?"

"Hapana, baba. Hakuna mtu wa kumpelekea jogoo. Walioitengeneza programu wapo, na wameandika kwa mikono yao kwamba yeyote aitumie, aibadilishe, ampe na mwenzake, na hawadai kitu. Maneno yako ni yako. Hakuna atakayekuja kuyavuna." Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikabadilika. "Ila tovuti inakaa kwenye kompyuta ya watu, na kompyuta huharibika. Una nakala moja tu, kaka, kama ulivyokuwa na daftari moja. Kesho nenda mjini, uyachapishe yote kwenye karatasi, umletee mzee."

Baba akauokota ungo, akarudi kwenye ufuta wake, na jogoo nikamfungulia uani.