Mkono wa Kufunga Ibada

Sweta la mitumba likiloa mvua hutoa harufu ambayo hadi leo sijaisahau. Ndiyo harufu ya chumba chetu cha ibada kule milimani Mbulu. Sisi Marafiki, Wakristo wa dhehebu la Quaker, tulikaa humo kimya, bila mchungaji wala wimbo, tukingoja Roho amsukume mtu aseme. Akishasema hajibiwi. Kila mmoja hulipima neno lake moyoni.

Siku hiyo alisimama mama yangu, mkono wake wa kulia umevimba hadi vidoleni.

“Mume wangu ananipiga,” alisema. “Jana alinipiga kwa mpini wa jembe.”

Akakaa. Niliwatazama watu wazima mmoja mmoja. Wote walikuwa wamefumba macho, wanapima. Nje ng'ombe walipita na kengele zao.

Baba ndiye aliyekuwa mzee wa ibada. Muda ulipofika alisimama kuifunga kwa desturi yetu ya kushikana mikono, akaanza na mama.

“Amani, mama watoto,” alisema kwa upole, akaubana ule mkono uliovimba, akaubana tena.

“Amani,” mama alijibu.

Kisha akaninyooshea mkono mimi, nikampa wangu.