Tulimwita mwenye nyumba mjomba, ukungu ukamla mtoto kifua

Wakuu, habari za humu. Wadogo zangu na wanangu, marahaba, msijisumbue kuandika.

Nimesoma uzi wa yule dada anayetaka fidia kwa mwenye nyumba wake sababu ya ukungu ukutani, na nimeona mnavyomcheka. Eti si apige deki tu.

Mimi sikucheka. Niliusoma mara mbili. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na kipande cha mwisho hata mke wangu sijawahi kumwambia.

Ni enzi za Ujamaa, watu wanahamishiwa vijijini. Mimi Msambaa wa milimani, fundi cherehani, nimeshuka Korogwe kutafuta riziki. Mke wangu ni Mzigua wa Kwaluguru, kule Handeni. Tuna mtoto mmoja, Mwanaidi, hata kutambaa bado.

Tukapata chumba cha uani Manundu, hapo hapo Korogwe, kwa diwani mmoja.

Sasa vijana hapa mnielewe. Enzi zile kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Uliitwa unyonyaji. Akigundulika, cheo hana.

Kwa hiyo akatupa sharti. Yeye ni Mzigua, mke wangu ni Mzigua, basi tukiulizwa tuseme mke wangu ni mtoto wa dada yake. Tumwite mjomba. Kodi mke wangu aipeleke jikoni kwao ndani ya kikapu cha mboga. Stakabadhi hakuna.

Tulikubali huku tunacheka. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi ya mafuta ya kijani, mpya kabisa. Hatukujiuliza kwa nini nyumba nzima ni chokaa, chumba chetu peke yake ndicho cha rangi.

Siku moja wakapita maofisa wakiuliza nani kapanga wapi. Nikasimama mlangoni nikasema kwa kinywa changu, "Hapa ni kwa mjomba wa mke wangu, tunakaa bure." Wakaandika.

Masika yakaingia.

Rangi ikavimba, ikaanza kubanduka vipande vipande. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi, umeota vinyweleo. Ukiugusa, unga unapanda puani. Godoro letu la sufi nalo likashika ukungu upande wa chini. Nguo za wateja nilizozitundika zikawa na madoa.

Nguo sikuzijali sana. Mwanaidi alianza kukohoa, kisha kifua kikawa kinapiga mluzi. Akivuta pumzi, ngozi inazama katikati ya mbavu. Nilikuwa nashona barazani mjini, nashusha mguu kwenye cherehani kila mara nikidhani nimesikia mtu anakuja kuniita.

Daktari wa zahanati alimpima, akanusa blanketi alilofunikwa, akauliza tunalala wapi. Nikamweleza. Akasema, "Mtoeni humo. Dawa yangu haiwezi kushindana na ukuta."

Nikaenda kwa diwani. Sikuomba makubwa: atupe chumba kikavu na godoro badala ya lile lililooza.

"Ndugu hawadaiani," akaniambia. "Vumilieni, mvua zitakata." Halafu kwa upole kabisa, "Na hiyo kazi yako ya cherehani, una karatasi yake? Maana siku hizi wasio na kazi ya kueleweka wanarudishwa shamba."

Wakuu, niliogopa. Sitajifanya shujaa hapa. Kuhama nako nilijaribu, lakini kila nilikobisha hodi walitaka kwanza kujua kwa nini naondoka kwa diwani.

Mwishowe nikajikaza mpaka mahakama ya mwanzo. Karani akaniuliza, nani amekupangisha, na stakabadhi iko wapi?

Hapo ndipo nilipoona tulivyojifunga. Nikisema ni mpangaji, nimewadanganya maofisa na imeandikwa. Nikisema ni ndugu, fidia ya nini? Nikamwambia karani nilikuja kuuliza njia tu, nikatoka nje.

Nikamsimulia mke wangu. Hakulia. Alimtazama mtoto, akasema, "Kwetu ukoo unafuata mama, mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba yake. Wewe Msambaa huwezi kujua. Yeye anajua."

Jumamosi mchana diwani alikuwa na wageni kutoka wilayani, wanakula pilau sebuleni. Mke wangu akambeba Mwanaidi mgongoni, lile godoro akajitwika kichwani, akaingia kwa mlango wa mbele. Mimi nyuma yake, nusura nikimbie.

"Shikamoo mjomba. Mtoto wa ukoo wenu anakata pumzi huko uani. Nimemleta kwa wajomba zake."

Akalibwaga godoro katikati ya sebule, upande mweusi juu. Mtoto kifua kinapiga mluzi, kila mtu anasikia.

Mgeni mmoja, naye Mzigua, akasukuma sahani. "Diwani, mtoto wa dada yako ndiye unamlaza kwenye hili?"

Diwani akanitazama mimi. Kusema sisi ni wapangaji hawezi. Nilidhani siku ile napakiwa kwenye lori la kurudishwa shamba.

Akacheka, kicheko kikavu. "Ah, mwanangu, mbona hukuniambia mapema?"

Jioni ile ile tulihamia chumba cha mbele, cha saruji, na godoro jipya. Hiyo ndiyo fidia yetu. Mwanaidi alipata nafuu polepole, ingawa mpaka leo kifua chake hakipendi masika.

Mvua zilipokata tukapata chumba kwingine.

Sasa kile kipande.

Baada ya kama wiki mbili nilirudi kuchukua meza yangu ya kushonea. Chumba cha uani kimepakwa rangi upya, kijani ile ile. Dada mmoja anaanika nepi mlangoni. Nikamuuliza, vipi, mwenye nyumba hawasumbui?

"Siyo mwenye nyumba, kaka," akajibu haraka bila kunitazama. "Ni mjomba wetu."

Nilifungua mdomo nimwonye juu ya ukuta ule. Diwani alikuwa amesimama barazani, ananiangalia. Akauliza, "Mwanaidi hajambo?"

Nikajibu hajambo. Nikabeba meza yangu nikaondoka.

Funzo langu: usikubali kuitwa ndugu na mtu anayepokea kodi yako. Dai stakabadhi, na ukuta ukipakwa rangi peke yake, uliza kwa nini. Yule dada wa uzi ule msimcheke, mpeni njia.

Na kama humu kuna mtu alizaliwa Manundu miaka ile, akaambiwa alilala chumba cha kijani kwa mjomba, aniandikie hapa chini. Nataka tu kujua kama anapumua vizuri.