Mbao za Kidaraja

Bado najikasirikia. Mtu wa kukaa ndani kama mimi nilipewa ukatibu wa kamati ya mafuriko mtaani kwetu Kariakoo, nikaandika mpango wa dharura nikiwa nimejilaza kitandani.

Juzi mvua ikang'oa kidaraja cha mtaro. Jirani yetu Bi Mwanahawa alikuwa ameshikwa na uchungu wa kujifungua, na hospitali iko ng'ambo ya mtaro. Nikawafokea majirani: "Wazembe nyie! Mbao za akiba ziko wapi? Mpango hamkuusoma?"

"Tumeusoma, Ndugu Katibu," balozi wetu wa nyumba kumi akanijibu, macho yamemwiva kwa hasira. "Hebu usome na wewe, mume wa Mwanahawa akusikie."

Nikafungua daftari, nikasoma: "Mbao za kutengeneza kidaraja kikivunjika zitunzwe kwenye stoo iliyo ng'ambo."