Mboga ya Prinsi

Kule Ndabibi, ukitaka Wariara akununie mwezi mzima, mwulize Prinsi alikufaje.

Prinsi alikuwa mzungu mrefu wa viatu vilivyotoboka, mtu wa ukoo wa wafalme ambao nchi yao iliwafukuza zamani. Wariara alimpikia miaka kumi na mmoja, hadi siku moja ya mwaka 2003 Prinsi alipokula chakula cha mchana, akatoka kutembea upande wa ziwa, asirudi. Jamaa zake ng'ambo waliandika gazetini kwamba alifariki kitandani, usingizini. Kanisani walisema farasi alimtupa, ingawa farasi mwenyewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Lakini karatasi ya serikali, iliyosomwa mbele ya watu, ilisema: chanzo cha kifo, mboga.

Tangu hapo, harusi ikitokea, akina mama humsalimia Wariara kwa upendo mwingi, kisha humwelekeza kwenye chapati. Sufuria ya sukuma wiki haruhusiwi hata kuifunika. Pasta aliwahi kumwambia asijali, Mungu husamehe. Alilia wiki nzima, maana hakujua anasamehewa nini.

Mwezi wa nane mwaka huu, Natalie, mpwa wa Prinsi, alifika na karatasi ile mkobani. Alitaka kuweka jiwe la kaburi, na jiwe haliwezi kuandikwa vifo vitatu. Wariara alimpa kiti kizuri. Jiwe likiandikwa mboga, hata wajukuu wa binti yake Shiru wataisoma.

"Alikula sukuma wiki," alisema kabla hajaulizwa. "Na aliongeza mara mbili."

Akaitwa Kipkirui, mzee aliyechunga ng'ombe wa Prinsi, kwa kuwa ndiye aliyeukuta mwili kwenye mafunjo. Kipkirui si mtu wa maneno. Siku ile karani wa serikali aliyeandika karatasi alimwuliza mara moja, akajibu neno moja, akaona kazi imekwisha. Natalie alimwomba alirudie neno hilo.

"Mbogo," alisema Kipkirui.

Wariara alishika ukingo wa meza. "Mbogo wa pembe?"

"Kwani kuna mwingine?"

Karani alikuwa kijana wa Nakuru mjini. Mnyama huyo alimjua kwa jina la bafalo tu, na kwa kuwa alikuwa ameambiwa marehemu ametoka kula, aliandika alichoelewa.

Wariara alimgeukia mzee polepole. "Wewe uliona nyayo za mbogo kwa macho yako. Mbona miaka hii yote ukija hapa hutaki mboga yangu?"

Kipkirui alikuna kidevu. "Ilikuwa imeandikwa na serikali, Mama Shiru. Nikasema labda mbogo alimalizia tu."

Natalie alicheka mpaka machozi. Wariara hakucheka. Aliingia jikoni, na kisu kikasikika kikikata majani membamba, membamba kuliko ya harusi yoyote. Alirudi na sahani moja ya ugali na sukuma, akaiweka mbele ya Kipkirui.

Mzee aliitazama sahani, akautazama mlango. Akavua kofia, akaomba sala ndefu kuliko kawaida yake, kisha akala, tonge baada ya tonge, wanawake wawili wakimhesabia. Alipomaliza aliinamisha kichwa kama anayesikiliza tumbo, halafu akaisukuma sahani mbele.

"Ongeza," alisema.

Wariara alimwambia angoje, mgeni hajala.