Mlolongo wa Jumamosi, Makadara

Kwa Jumamosi sita kabla ya uchaguzi uliopita niliwafundisha vijana wa Eastlands namna ya kumjua mgombea urais. Hakuna aliyeniomba. Nilikuwa nimelalamika miaka mingi, katika makala zangu na kwenye meza ya chakula, kwamba vijana wanapiga kura kwa kufuata fulana na kofia, mpaka mke wangu akasema niwaendee huko waliko nikawaambie wenyewe, yeye amechoka kuambiwa. Basi nikaomba chumba katika ukumbi wa kijamii Makadara, nikanunua karatasi kubwa na kalamu nene, nikatoka nyumbani Buruburu na furaha ya mtu aliyepata hatimaye hadhira isiyoweza kufunua ukurasa mwingine.

Walikuja kumi na watano, siku nyingine ishirini, wote wapiga kura wa mara ya kwanza. Wengine walifuata chai na mandazi, na sikuwalaumu. Niligawa ukuta sehemu nne, moja kwa kila mgombea, tukawa tunajaza: amesema nini kuhusu kazi, karo, hospitali, na huko nyuma alishika cheo gani.

"Buda, huyo andika alishika pesa zetu," kijana mmoja mwenye kofia nyekundu aliniambia.

"Na wako je? Si huyo ndiye alikuwa anamshikia gunia!" mwenzake akamrudishia.

Tulicheka. Nilidhani kicheko ni dalili ya elimu.

Aliyefanya kazi kweli alikuwa msichana mmoja wa Kiamaiko, wa miaka ishirini hivi. Kila alfajiri alichukua vichwa kumi na viwili vya mbuzi kwenye banda la kuchinjia, akavibabua, akachemsha supu na kuiuza kando ya barabara. Vichwa hivyo hapewi kila anayetaka. Mwenye banda huwagawia wanawake anaowajua, kila mmoja na idadi yake, na mgao huu ulikuwa wa mama yake kabla figo za mama hazijaharibika. Sasa mama alikuwa akienda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na vichwa ndivyo vilivyompeleka. Msichana alikuja darasani akinuka moshi wa manyoya, na alikuwa amesoma ilani zote nne kwenye simu iliyopasuka kioo. Mimi, nikiri hapa, nilikuwa nimesoma mbili na muhtasari wa nyingine.

"Mwalimu, huyu wa tatu ndiye peke yake ametaja figo," alisema Jumamosi ya nne. "Wengine ni afya, afya. Huyu ameandika figo, akaandika na nani atalipa."

Huyo wa tatu ndiye ambaye Kiamaiko haikutaka kusikia jina lake. Huko kila nguzo ilikuwa na picha ya wa kwanza. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimepita.

Jumamosi ya mwisho nikataka kuona matunda. Nikawaambia kila mmoja akasimame kwenye karatasi ya mgombea wake, halafu atueleze sababu.

"Zii, buda," akasema yule wa kofia nyekundu. "Mimi nikisimama hapo, mathe ataninyima chapo mpaka Krismasi."

Wenzake wakamcheka, yeye na chapati za mama yake. Msichana hakucheka. "Si tuandike tu kwa karatasi, mwalimu? Tukunje?"

Mtu mwenye akili angesikia alichokuwa akiambiwa. Mimi nilisikia woga, na woga ndio niliokuja kuuondoa. "Hapa tuko huru," nikasema, kwa ile sauti ninayotumia nikijisomea makala yangu mwenyewe.

Wakasimama. Wengi walienda kwa wa kwanza, kundi dogo kwa wa pili, wawili kwa wa nne kwa mzaha. Msichana alibaki katikati ya chumba kwa muda, kisha akaenda kwa wa tatu, peke yake. Alieleza sababu zake vizuri kuliko wote, na nikampigia makofi. Nikawaomba wabaki hivyo hivyo, nikampa mmoja simu yangu atupige picha, nami nikiwa katikati, mikono nimeifungua kama mhubiri. Jioni nikaituma kwenye kundi la simu la majirani na maneno haya: Demokrasia inakua Eastlands.

Kufikia Jumatatu ilikuwa imefika Kiamaiko. Msichana alinipigia asubuhi.

"Mwalimu, wamenipita."

"Wamekupita vipi?"

"Nimesimama na karai yangu. Wamegawa, wamegawa, mpaka vikaisha. Nikauliza. Nikaambiwa niende niombe kwa mtu wangu wa ukutani."

Simu ilipokatika nikamkumbuka baba. Nilipokuwa shule ya msingi kulikuwa na uchaguzi wa mlolongo: watu walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa kama ng'ombe. Baba alikuwa karani wa serikali. Aliondoka nyumbani akitaja jina moja, na uwanjani nikamwona kwenye foleni ya jina lingine, nyuma ya mkuu wake wa ofisi, akitazama viatu vyake. Chuo kikuu niliandika tasnifu nzima juu ya kura ya siri, na baba yumo kwenye utangulizi. Siwezi kusema nilisahau. Nilidhani tu kwamba ubaya wa mlolongo ulitokana na waliouitisha, na mimi si mtu wa aina hiyo.

Jumatano nikaenda naye Kiamaiko. Njiani aliniambia la kusema. "Mwambie ulinipanga wewe. Kama mchezo wa shule. Kila mtu ulimpa mahali pake."

"Lakini si kweli."

Alinitazama kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia.

Mwenye banda alikuwa mtu wa makamo kama mimi, mpole, na aliniagizia chai kabla sijaketi. Nikadanganya. Nilisema niligawa nafasi mwenyewe, kwamba ilikuwa igizo tu. Nilidanganya vizuri, kwa mifano.

"Mwalimu, mimi sina neno na binti huyu," alisema. "Nimemwona tangu akibebwa mgongoni. Lakini mbuzi hawa wanatoka kwa watu, na watu wenyewe wana mtu wao. Wakisikia banda langu linalisha upande ule, kesho lori linashusha kwa jirani." Akamgeukia. "Haya, binti yangu. Mtu wako ni nani?"

Akataja jina la wa kwanza.

"Sema wasikie."

Wachuna ngozi walikuwa wamesimamisha visu. Akalitaja tena, kwa sauti, na mmoja wao akapiga mluzi. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Sikujua pa kukiweka, nikanywa.

Alirudishiwa vichwa sita. Sita vingine vilikuwa vimeshapata mwenyewe, na mgao ukishaingia kwa mtu hautolewi. Mama akaanza kwenda kusafishwa damu mara moja kwa wiki. Nilitoa nilichoweza, wakakipokea kwa shukrani iliyoniumiza kuliko tusi. Niliwaandikia majirani kueleza kosa langu, nikafuta, nikaandika tena. Ile picha ilikuwa imeshapata alama nyingi za kupendwa.

Wiki moja baada ya kura nilipita kibandani kwake. Alikuwa akibabua kichwa cha mwisho. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama alipiga.

"Sikwenda."

"Lakini ile ni ya siri. Unaingia peke yako. Hakuna mtu angeona."

"Nilishapiga kule kwako, mwalimu," alisema. "Ikahesabiwa."

Akakigeuza kichwa kwa koleo ili upande wa pili ushike moto. Wateja wawili walikuwa wamefika nyuma yangu, na akaniomba nisogee.