Sebene Bila Mwimbaji

Mwanangu, kuna siku moja ya Koboko ambayo sijaisahau, na wewe uliyenunua mashine za muziki juzi inakuhusu. Nilikuwa kijana wa Aroi, nikipiga muziki kwenye arusi za Arua, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa sifa. Usicheke, chako nacho kimeanza.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Wani, Mkakwa wa Koboko, kule mpakani mwa Uganda, mwenye sanduku la santuri za Kongo. Alinifundisha kuzisoma kwa macho, maana mistari ya santuri hubadilika pale mwimbaji anaponyamaza na magita kushika sebene, ile sehemu ya kuchezea dansi. Wachezaji wakianza kuchoka, mzee aliinua sindano na kuitua papo hapo kwenye sebene, vumbi likatimka. Ninautamani mkono ule hadi leo.

Kisha nikapata kompyuta na santuri mbili za taimukodi. Unazijua: hazina wimbo ndani, zina alama tu. Sindano husoma alama, kompyuta ikajua ulipo, na wimbo ukatoka kwenye kompyuta. Mzee alizigeuzageuza, kisha akanikabidhi sanduku lake lote.

"Hii santuri yangu nazeeka, kijana. Weka yote ndani ya mashine yako. Yote."

Mojawapo ilikuwa na sauti ya mdogo wake, Lemi, aliyefia safarini Sudan. Hakuwahi kurekodi nyingine.

Haraka haraka haina baraka, mwanangu. Nilipofika Arua niliona nyimbo ni ndefu na nafasi kwenye kompyuta ni ndogo. Watu wanacheza sebene, maneno ya nini? Nikarekodi sebene peke yake, wimbo baada ya wimbo, nikajiona mjanja. Sanduku nikaliacha wazi nje, kando ya ukuta, na jua la kiangazi likazikunja santuri kama majani ya tumbaku.

Haukupita muda mrefu, mzee akaniita nyumbani kwake Koboko, kwenye sala ya kumkumbuka Lemi. Ilikuwa mchana, ndugu wamekuja kwa baiskeli kutoka Lobule. Mama yao, kikongwe asiyeona tena, aliketishwa karibu na spika, kwa sababu aliomba jambo moja tu, amsikie mwanawe. Nikaweka sindano. Yakaingia magita.

Mzee alidhani nimekosea mahali. Akaja, akaiinua sindano kwa mkono wake mwenyewe, akaitua ukingoni kabisa, pale wimbo unapoanzia. Magita. Akarudia, na magita yakawa yale yale.

"Lemi iko wapi?" akaniuliza.

Nilimweleza ukweli: nilirekodi sebene tu, na santuri zenyewe zimekunjwa na jua.

"Nilikupa mutu," akasema polepole. "Wewe narudisha gita."

Mama yake akauliza kama wimbo umeshaanza.

Tangu hapo nimeitafuta santuri ile kwa wafanyabiashara wa Kongo walioko Arua, na kwa wakimbizi wa Sudan Kusini, nisiione. Mzee Wani na mama yake wametangulia. Nawakumbuka sana, lakini kinachoniuma zaidi ni huyo Lemi, kwa sababu sikuwahi kumsikiliza hata mimi. Siku zote niliruka hadi kwenye sebene. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekua, tunaishi naye nyumba moja.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukipewa kitu cha mtu, kihifadhi kizima kwanza, hata ile sehemu unayoiona haina kazi. Kuchagua kutakuja baadaye, tena uchague pamoja na mwenyewe. Na cha zamani usikiweke juani kabla mwenyewe hajakisikia kipya na kuridhika. Mashine yako ni nzuri, siilaumu. Haijui tu nani anangojea nini karibu na spika. Hilo ni lako wewe kulijua.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio lenye subira. Na kila atakayekukabidhi sauti ya mtu wake, aje siku moja aikute kwako, tangu neno la kwanza.