Mchezo Uliohamia Mbaraki

Jumatano moja ya mwezi wa Rajabu, mwaka 1999, kaka yangu alizikwa baada ya sala ya alasiri. Waliokuja kunipa mkono wa taazia waliniambia nimepoteza ndugu, na ni kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichotoka nyumbani kabla yake, na hicho hakuna aliyenipa pole. Ulikuwa mchezo uliochezwa ukumbini kwetu, hapa Mji wa Kale, kila Alhamisi jioni.

Aliyeuleta ni binamu yetu, zamani zile alipokuwa baharia. Alirudi safari moja na sanduku lenye kitabu cha Kiingereza, ramani, na dadu za pembe nyingi ambazo sijaona mfano wake tena. Haukuwa mchezo wa kushindana. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, anaujenga mji na watu wake na hatari zake. Wengine, kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, anasema anafanya nini, kisha bahati inaamua kama amefaulu. Kaka ndiye aliyekuwa msimulizi tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyetaka kumpokonya.

Mama alipoziona dadu alisema hazilali nyumbani kwake. Kaka hakubishana. Alitafuta vifungo vya shati, akaviandika namba kwa wino, akavitia ndani ya kofia kuukuu. Mchezaji akifikwa na jambo, anatia mkono kofiani bila kutazama na kutoa kifungo. Mama akauliza tofauti yake na dadu ni nini. Kaka akamwambia hii ni kura, na kura haina ubaya. Tangu siku ile Mama alikuwa akipitisha kahawa yeye mwenyewe, nami nadhani alikuwa akiichunguza ile kofia.

Wachezaji walikuwa watatu. Binamu, karani mmoja wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Mkristo wa Rabai, aliyefanya kazi na kaka kabla hajahamia ofisi nyingine Mbaraki, upande wa pili wa mji, na Bohora mmoja, Mhindi mwenye duka la misumari na rangi lililo chini ya nyumba yetu. Mimi sikucheza. Nilikuwa nikishona upande wa pili wa pazia, nikisikia yote.

Mji aliousimulia kaka ulikuwa na kuta na lango, na sheria yake moja haikuwamo kitabuni. Anayefika langoni sharti apige hodi, atoe salamu, aulizwe hali yake na ya nyumba yake na ya safari yake, naye aulize vilevile, ndipo bawabu afungue. Kaka ndiye bawabu. Salamu peke yake zilikula nusu ya jioni.

"Sheikh," mwenye duka alimwambia siku moja, "joka limeshamla mtu huko ndani, na wewe bado waniuliza hali ya shangazi yangu."

"Na shangazi hajambo?"

"Hajambo, akusalimu. Fungua mlango."

Kisha kaka akakatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Kazi ya bandarini ikaisha. Ngazi zetu ni za mawe, nyembamba na za wima, na baada ya kuanguka mara moja hakujaribu kuzishuka tena. Nilikuwa nikimwosha kidonda, nikimpikia chakula kisicho na sukari wala ladha, na nikisema kweli nilikuwa nachoka. Siku sita za wiki alikuwa akikaa dirishani. Alhamisi alivaa kanzu safi. Mimi mwenyewe niliingoja Alhamisi, kwa sababu siku hiyo walikuwapo watu wengine wa kumchangamsha.

Binamu alipopata kazi Maskati na kwenda zake, hadithi ilianza kuchechemea. Wachezaji wawili ni wachache. Ndipo karani alipokuja na habari ya mtandao. Kompyuta ya ofisini kwao ilikuwa imeunganishwa na simu, na tajiri wake alimruhusu kuitumia kazi ikimalizika. Alisema ng'ambo kuna watu waliotengeneza mahali pa kuchezea michezo kama huu. Unalipa kila mwezi, kikundi chenu kinapewa ukurasa wake, kila mtu anaandika zamu yake popote alipo. Mashine inatunza ramani, inakumbuka nani ana nini, na namba za bahati inazitoa yenyewe. Binamu alikuwa tayari kulipa kutoka Maskati.

Walibishana Alhamisi mbili. Karani alisema mashine haisahau wala haipendelei. Mwenye duka alimuunga mkono kwa sababu zake za biashara: kitu cha bure watu hawakithamini, mtu akilipia atafika kwa wakati.

"Mbona kwangu mmekuwa mkija bure," kaka akasema, "na mwafika kabla kahawa haijachemka?"

"Tumefuata kahawa," mwenye duka akamjibu.

Mama naye, kutoka jikoni, akataka kujua namba zikitolewa na mashine, dhambi itaandikiwa nani. Mwishowe kaka alikubali, na aliniambia sababu yake ni binamu tu.

Sitasema kwamba haukuwa na faida. Zamu ya kwanza ya binamu ilipoletwa imechapishwa, kaka aliisoma, akacheka mpaka Mama akatoka jikoni kuja kutazama. Binamu alikuwa ameandika kwamba amerudi mjini akiwa amepanda ngamia wa kuazima, na ngamia hataki kupiga magoti ili ashuke. Ilikuwa sauti yake kabisa. Kaka aliirudia mara nyingi siku ile. Mtu wa Maskati alikuwa amerudi ukumbini, na kilichomrudisha ni ule mtandao wa kulipia.

Ila zamu zilikuwa na kipimo. Kwa malipo yale ulipewa nafasi ya mistari michache, ukizidisha lazima uongeze malipo. Mwanzoni karani alikuja kila Alhamisi na karatasi, kaka akamtajia maneno, yeye akaenda kuyaandika Mbaraki. Wiki moja kaka alimtajia salamu zote za langoni. Zamu iliyofuata ilipokuja, watu wote walikuwa tayari sokoni, ndani ya mji.

"Nani amewafungulia?" kaka akauliza.

"Nimeziruka salamu, bwana. Hazikuenea. Nimeandika tumeingia."

"Nani amewafungulia?"

"Mashine haiulizi mambo hayo."

Kaka aliikunja karatasi na kuomba kahawa. Hakugombana naye. Baada ya hapo alisimulia kwa ufupi, kama mtu anayepeleka telegramu.

Kisha karani akaacha kupanda ngazi. Aliziacha karatasi dukani, nami nikazichukua nikitoka sokoni. Mwenye duka naye alizisoma palepale kaunta, akaandika jibu lake nyuma ya karatasi ya kufungia misumari, akanipa. Nikapanda juu, nikamsomea kaka, nikaandika anayoyasema, karani ayakute dukani. Nimesoma mpaka darasa la saba, mwandiko wangu wasomeka, lakini sikujua kucheza. Nilikuwa nasoma kama ninayesoma bei za vitu. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu.

Jambo lililoniuma zaidi ni dirisha. Kaka aliweza kuisikia sauti ya karani chini dukani, akimwamkia mwenye duka, akisema ana haraka. Alikuwa akiinua kichwa na kutazama mlango wa ngazi. Kisha viatu vinasikika vikienda zake kichochoroni. Siku moja aliniuliza kama kidonda chake kinanuka. Nilimwambia hapana. Kilikuwa hakinuki.

Mvua za vuli mwaka ule ziliharibu simu upande wa Mbaraki. Ofisi ya karani ikakaa bila laini, na Alhamisi moja, baada ya alasiri, nikasikia hodi ngazini. Ni yeye na mwenye duka, wamelowa. Karani alimwambia kaka hakuna mtandao, hivyo hakuna zamu. Alikuwa amekonda. Kaka aliniomba nimletee ile kofia na vifungo vyake, nami nikaitafuta mpaka nikaipata chini ya nguo za kushona.

"Mko langoni," kaka akasema. "Sikuwahi kuwafungulia. Rudini nje."

Mwenye duka akaguna. Karani akapiga hodi juu ya mbao za kiti.

"Karibu. Watoka wapi, mgeni?"

"Bara."

"Safari yako?"

"Njema."

"Na nyumbani uliwaacha wazima?"

Karani aliutia mkono kofiani ingawa haikuwa zamu ya kura. Alikuwa akivikoroga vifungo.

"Mama hawezi," akasema. "Amepooza upande mmoja."

"Ni ya hadithi hiyo," kaka akauliza, "au ni ya kweli?"

"Ya kweli. Tangu masika."

Alituambia kwamba kila jioni akitoka kazini alikuwa akienda Rabai kumgeuza na kumlisha, maana dada yake ana watoto wadogo, na asubuhi anarudi mjini. Zamu zake aliziandika wima, mkoba begani. Mwenye duka, aliyemuona kila wiki pale kaunta, alisema hakujua. Karani akasema hakuulizwa, na hakulisema hilo kwa ubaya. Kaka alimuuliza kama mama anakula, kama anasema, nani anamwosha. Aliuliza kama mtu aliyeoshwa na wengine. Wakaendelea hivyo mpaka adhana ya magharibi, na hakuna kifungo kilichotolewa.

Alhamisi iliyofuata kaka alikuwa hospitali, na hakurudi. Karani alimpitia huko mara mbili kabla ya safari ya Rabai.

Baada ya maziko karani aliniambia ukurasa umelipiwa mpaka mwisho wa mwaka, na binamu anauliza kama wamtafute msimulizi mwingine. Nilimwambia wafanye watakavyo. Mtu akiniuliza leo kama mchezo ulipata faida kwa kulipiwa, nitasema binamu alipata, na kaka hakupata. Yote mawili niliyaona, na sijui kuyapatanisha.

Siku ya hitima ya arubaini karani alikuja na mamake. Bibi huyo alikuwa ameanza kutembea kwa fimbo. Nilisikia wakipanda, wakipumzika, wakipanda tena, na mwenye duka nyuma yao akiwaambia wasiharakishe. Mama yetu alisimama, akampa bibi yule mto wa kuegemea, akaketi kando yake.